Si Wewe Uliniuliza?

Nilikuwa na miaka 24 nilipogundua kwamba sahihi ya soda inaweza kugeuzwa kuwa sahihi ya mkataba. Sikufundishwa na wakili. Nilifundishwa na mama mmoja anayepika chapati kando ya barabara, katika mtaa mmoja wa Eastlands ambao sitautaja. Alisimama mbele yangu, mikono bado ina unga, akaniuliza swali ambalo sijaweza kulijibu vizuri hadi leo.

"Kijana, si wewe uliniuliza?"

Ni mimi. Mwaka 2022 nilikuwa nimetoka kampasi na cheti changu na njaa yangu, na rafiki akanitumia ujumbe kwamba kuna mradi unatafuta vijana wa kukusanya maoni. Mtaa ulikuwa uboreshwe: barabara ya lami, mitaro, taa za usiku. Kabla ya kujenga, wakazi walipaswa kuulizwa. Malipo yalikuwa shilingi 1,500 kwa siku, fulana yenye nembo, na ile simu kubwa ambayo watangazaji wa redio huiita kishikwambi na ambayo sijawahi kusikia mtu mwingine akiiita hivyo. Nilikubali kabla sijamaliza kusoma ujumbe. Nani angekataa? Nilijiambia pia kwamba ni kazi ya heshima. Sikuwa nauza kitu. Nilikuwa nasikiliza watu.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Jumanne saa nne asubuhi katika ukumbi wa jamii. Hebu fikiria ni nani mtaani kwenu ambaye Jumanne saa nne yuko huru. Fundi yuko mjengoni, dada wa kufua yuko Buruburu kwa tajiri wake, makanga yuko kwa gari, na wewe uko kazini au umelala kwa sababu ulirudi saa kumi na moja alfajiri kutoka zamu ya usiku. Waliokuja walikuwa wazee wa mtaa, wamiliki wa ploti, vijana wawili watatu wa mwakilishi wadi, na akina mama wenye biashara za karibu walioweza kumwachia jirani karai kwa nusu saa. Pale mlangoni kulikuwa na meza, na juu ya meza karatasi yenye safu nne: jina, nambari ya kitambulisho, simu, sahihi. Ukisaini unapewa soda na mkate. Mimi ndiye niliyeshika kalamu.

Ukutani tulikuwa tumebandika ramani. Ilikuwa ramani nzuri, ya rangi, iliyopigwa kutoka juu, na hakuna hata mtu mmoja mtaani aliyewahi kuuona mtaa huo kutoka juu. Mama wa chapati aliisogelea, akainamisha kichwa huku na huku, kisha akaniita.

"Kijana wangu, mimi niko wapi hapa?"

Nilitafuta. Kioski chake hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na mstari wa kijivu. Nikamwonyesha mstari.

"Hapa mama. Karibu na hapa."

"Hii ni barabara."

"Ndiyo, itakuwa barabara."

Alinyamaza kidogo. Nilidhani atalalamika kuhusu kioski, na nilikuwa nimefunzwa jibu la hilo. Lakini hakusema chochote kuhusu kioski. Alisema: "Na mtaro unaishia hapa? Hapana. Mvua ikinyesha hii maji yote ya huko juu inakuja inapita nyuma ya kwangu, inaingia kwa ile uchochoro, ndio inaenda kwa mto. Mkiifunga hapa itaingia kwa nyumba za watu. Mimi nimekaa hapa miaka kumi na moja. Nimeiona."

Fomu yangu ilikuwa na swali moja kuu: ni nini unachohitaji zaidi mtaani? Chini yake visanduku: maji, usafi, barabara, usalama, afya, elimu, mengineyo. Nilikuwa na watu wengine kumi na tano kwenye foleni. Mama alikuwa amesema maji. Nikabonyeza maji. Kwenye nafasi ya maelezo ya ziada nikaandika maneno matatu, "anazungumzia pia mtaro", nikamshukuru, nikamwonyesha meza ya soda.

Miezi michache baadaye ripoti ilitoka. Ilikuwa na chati za mviringo, na katika chati mojawapo kipande kikubwa cha buluu kilionyesha wakazi wanaotaka maji. Mama aliyekuja kusema kwamba maji ni mengi na yatawaua watu alikuwa humo ndani, amehesabiwa kama mtu anayeomba bomba.

Ninaandika haya nikijua kwamba kisheria hakuna kosa lililofanyika. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 10, inataja ushiriki wa wananchi kama mojawapo ya maadili ya kitaifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inarudia jambo hilo kwa kirefu, na Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka mipango ya miji itangazwe na watu wapewe nafasi ya kusema. Mahakama nazo zimeingia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo mawakili hawajaacha kuitaja kesi hiyo. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliiangusha Sheria ya Fedha ya 2023 kwa sababu ambazo ushirikishaji wa umma ulikuwa miongoni mwake. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikairudisha. Ukisoma magazeti ya mwaka huo utadhani Kenya nzima ni wanafunzi wa somo hilo. Tumelijua jina lake hata sisi ambao hatujawahi kukanyaga mkutano.

Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Kushiriki ni kufanya kitu pamoja na wengine. Kushirikisha ni kumfanya mtu ashiriki. Kushirikishwa ni kufanywa ushiriki. Kadiri tunavyoongeza viambishi ndivyo yule mtu anavyozidi kusogezwa mbali na kitendo chake mwenyewe, hadi mwishowe anakaa kwenye kiti cha plastiki akifanywa. Shughuli ina mwenyewe, na mwenyewe si yeye. Ndiyo maana afisa anaweza kusema bila kuona aibu, "Mama, ulishirikishwa," na mama akawa hana la kujibu, kwa sababu kweli alishirikishwa, karatasi ipo.

Neno baraza nalo lina historia yake. Ukienda Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa utaona benchi za mawe zilizojengwa kwenye kuta za mbele za nyumba. Hizo ndizo baraza. Mtu anakaa nje ya nyumba yake, jirani anapita, anasalimu, anaketi, maneno yanaanza. Hakuna aliyeitwa. Kisha serikali ya kikoloni ikalichukua neno hilo likaja bara likiwa limevaa kofia ya chifu. Baraza likawa mahali unapoitwa kwa lazima, unaketi chini juani, unasomewa amri, kisha unaulizwa kama kuna swali. Na mpango wa jiji la Nairobi wa 1948, ambao ulijiita bila kificho mpango wa mji mkuu wa kikoloni, haukuhitaji hata hayo. Waliopangiwa Eastlands walipangiwa tu. Tukilinganisha na huko tumepiga hatua. Sisi tunapewa ramani tuitazame, tena ya rangi.

Nilikuwa na rafiki kwenye mradi huo, mpangaji miji kwa taaluma, msomi kweli, na nikimsimulia mambo haya hukasirika kidogo. Hoja yake si ya kijinga. Anasema: ukimuuliza kila mtu barabara ipite wapi, kila mtu atasema ipite kwa jirani. Bomba kuu la maji taka lazima lifuate mteremko, na mteremko haupigi kura. Zimamoto likiwaka na gari la zimamoto lisiingie, hao hao uliowasikiliza ndio watakaoungua. Kuna vitu ambavyo mtu aliyesoma miaka minne anavijua, na mama wa chapati, kwa heshima zote, havijui.

Nakubaliana naye karibu kote. Sidhani mama alikuwa na haki ya kuizuia barabara. Mtaa ulihitaji barabara. Mwaka mmoja kabla, mjamzito alibebwa kwa mkokoteni hadi lami kwa sababu hakuna teksi iliyokubali kuingia, na mtu akiniambia kioski kimoja kina uzito kuliko hilo nitabishana naye.

Ila hoja ya rafiki yangu inadhani kwamba tulimuuliza mama anataka nini, naye akajibu anataka nini. Fomu ndivyo ilivyouliza. Yeye hakujibu hilo. Alijibu alichokiona. Na hapa Kiswahili kimemtangulia mwanasheria na mpangaji pia, kwa sababu sisi hatukusanyi matakwa, tunakusanya maoni, na maoni yanatokana na kuona. Mtu anayetoa maoni anasema: nikiwa nimesimama hapa nilipo, hiki ndicho ninachokiona. Huwezi kukipata ukiwa juu na kamera. Miaka kumi na moja ya kuketi mahali pamoja ukikunja unga na kutazama maji yakipita ni elimu, na hakuna chuo kinachoifundisha. Mteremko ule ambao rafiki yangu anasema haupigi kura, mama ndiye aliyekuwa shahidi wake pekee ukumbini.

Kwa hiyo kuna makosa mawili hapo na watu huyachanganya. Kosa moja ni kumnyima mtu alichokitaka. Hilo hutokea, maisha ni hayo, mji hauwezi kumpa kila mtu anachotaka. Kosa la pili ni kumchukua shahidi ukamfanya mwombaji. Mwombaji unaweza kumwambia pole, bajeti haikutosha. Shahidi lazima umwamini au umwonyeshe alipokosea. Hakuna njia ya tatu, na mimi niliitafuta ya tatu kwa kidole kimoja kwenye kioo.

Wanaosoma mambo haya chuoni huanzia kwa Sherry Arnstein, Mmarekani aliyeandika mwaka 1969 kwamba ushiriki wa wananchi ni ngazi yenye vidato vinane. Kule chini kabisa watu wanatumiwa tu kupamba uamuzi uliokwisha kufanywa, juu kabisa wanaamua wenyewe, na katikati kuna vidato vya kupashwa habari, kuulizwa na kutulizwa. Ni ngazi inayofaa na nimeitumia kwenye mtihani. Lakini nikimfikiria mama wa chapati naona ngazi hiyo inajali sana nani ana mamlaka, na haisemi vya kutosha kuhusu anayeshika kalamu. Katikati ya mwenye mamlaka na mwananchi kuna kijana wa 1,500 kwa siku. Yeye ndiye anayesikia. Kila kitu kinategemea kama atasikia au atabonyeza.

Je, lilikuwa kosa langu? Nimejitetea mara nyingi usiku. Fomu haikuwa yangu. Foleni ilikuwa ndefu. Ningeandika aya nzima bado hakuna ambaye angeisoma. Yote ni kweli. Lakini huwezi kumkodolea mtu macho, ukatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, ukasema "asante mama, tumesikia," kisha ukasema baadaye kwamba wewe ulikuwa mashine tu. Yule mama hakuwa akiongea na mradi. Mradi hauna masikio. Aliongea na mimi. Nilipomuuliza, nilimwahidi kitu bila kukitamka: kwamba alichosema kitafika. Sikumwahidi kwamba kitashinda. Kitafika tu. Na hicho kidogo ndicho sikukifanya.

Sitaki msomaji adhani haiwezekani. Nairobi hii hii imewahi kujaribu kwa njia tofauti. Agosti 2017 serikali ya kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la upangaji: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Tunazungumzia kaya takriban 100,000. Ujenzi mpya ulisimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe, na Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza katika miaka ya 1990, likafanya kazi ya kuwapanga watu pamoja na vyuo vikuu na mashirika zaidi ya 40. Hawakuita mkutano mmoja mkubwa Jumanne saa nne. Waligawa mtaa kwa nyumba kumi kumi. Nyumba kumi zinakaa, zinazungumza, zinatoa mtu wa kuwasemea. Hao nao wanakaa ngazi ya juu yake, na kadhalika. Nimepata kuongea na mtu aliyepitia hayo, na alichokumbuka si hotuba za wakubwa. Alikumbuka ubishi kuhusu upana wa barabara. Vipimo vya kawaida vya mpango wa mji vingefagia nyumba nyingi mno, kwa hiyo ilibidi watu waketi chini na kuamua barabara ipi ipite gari, ipi ipite mkokoteni, na ipi iwe ya miguu tu. Kila mita ilikuwa nyumba ya mtu. Na aliyekuwa akikupunguzia mita alikuwa jirani yako ambaye kesho mtakutana chooni.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona. Katika nyumba kumi huwezi kumficha mtu ndani ya chati. Ukisema maji, jirani anakuuliza: maji gani?

Lakini hata Mukuru haikuponya kila kitu. Mwishoni mwa 2021, katika Mukuru kwa Njenga, nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa kupisha barabara ya kuunganisha na ile ya haraka ya juu. Watu waliokuwa wamekaa nyumba kumi kumi wakipimana mita walijikuta nje usiku, wakilala juu ya vifusi. Nikifika hapo huwa nakwama. Kama hata waliofanya vizuri wanaweza kuamkia tingatinga, je, mazungumzo yale yote yalikuwa na thamani gani? Rafiki yangu mmoja mwenye uchungu kuliko mimi husema ni heri usiulizwe kabisa, angalau adui unamjua. Sikubaliani naye, ingawa siwezi kumshinda kwa hoja. Naona tu kwamba watu waliokwisha kujihesabu na kujuana walikuwa na kitu cha kusimamia siku ile, hata kama hakikutosha. Walijua ni kaya ngapi na ni za nani. Mtaa wetu ulikuwa na karatasi ya soda.

Kuna jambo lingine, na hili linatuhusu mimi na wewe zaidi. Wengi katika mitaa hiyo ni wapangaji. Wengi wetu tunaosoma jarida hili ni wapangaji pia, tuko Pipeline, Umoja, Roysambu, Kahawa, tukilipa kodi tarehe tano na kuomba tusipandishiwe. Nilipokuwa nikizunguka na fomu, kijana mmoja wa rika langu alinifungulia mlango, akasikiliza maelezo yangu yote kwa adabu, kisha akasema: "Boss, mkileta lami na taa, landilodi ataongeza elfu mbili. Mimi nitahama. Sasa unataka nikusaidie kunifukuza?" Niliandika kwamba mhojiwa amekataa kujibu. Ukweli ni kwamba alitoa jibu lenye akili kuliko yote ya siku hiyo.

Nimemfikiria sana huyo jamaa. Tunaambiwa vijana hawashiriki, hawajali, wako kwenye simu. Lakini mpangaji anayekataa kuongelea mtaro hana uvivu wowote. Amepiga hesabu. Anajua faida ya mtaro itaingia kwenye kodi, na kodi itaingia mfukoni mwa mtu anayeishi kwingine. Kumwomba maoni bila kumlinda dhidi ya matokeo ya maoni yake ni kumwomba achimbe kaburi kisha umsifu kwa uzalendo. Kama mradi ule ungekuwa na ujasiri, swali la kwanza kwenye fomu lingekuwa: kodi ikipanda baada ya lami, utaenda wapi? Halikuwemo. Wamiliki wa ploti walikuwa safu ya mbele ukumbini na hakuna aliyetaka kuwaudhi.

Hapo ndipo watu huuliza: mtu aliyekaa mahali miaka miwili ana haki gani ya kuamua kuhusu mtaa? Naomba nigeuze. Mwenye ploti ambaye hajalala mtaani hata usiku mmoja tangu ajenge, anaona nini? Maoni ni ya anayeona. Nisingeupima uzito wa neno la mtu kwa hati, wala kwa miaka peke yake. Ningempima kwa kile ambacho mvua ikinyesha kinamlowesha.

Mvua ilinyesha. Barabara ilikuwa imekwisha 2023, na ilikuwa nzuri, sitadanganya, matatu zikaanza kuingia hadi ndani. Mama alihamishwa kioski chake, akapata nafasi upande wa pili, nyuma kidogo, mahali ambapo wateja hawamwoni mpaka wamtafute. Alikwenda ofisi ya mradi kulalamika. Si kioski, mtaro. Aliwaambia alichoniambia mimi. Afisa alikuwa mpole, akafungua faili, akamwonyesha karatasi: jina lake, nambari yake ya kitambulisho, simu yake, sahihi yake. Alikuwa amehudhuria. Alikuwa ameshirikishwa. Mpango ulipitishwa na wakazi.

Kisha ikaja ile masika ya 2024, ambayo kila mtu wa Nairobi anaikumbuka, mito ilipovunja kingo na watu wakafa Mathare na kwingineko. Mtaani kwetu hakufa mtu. Maji yalishuka barabara mpya yakiwa na kasi, yakafika pale mtaro unapoishia, yakakosa njia, yakaingia kwenye safu ya nyumba nyuma ya mahali kioski kilipokuwa. Usiku kucha watu walikuwa juu ya vitanda na watoto mabegani. Godoro, unga, vitabu vya shule, runinga ambayo mtu alikuwa bado analipia, vyote kwenye tope. Nilienda siku ya tatu, si kwa kazi, nilikuwa nimesikia tu. Ndipo akanikuta njiani, akaniuliza lile swali. Hakulipaza sauti. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka sura.

Nilitaka kumwambia habari za fomu na visanduku na kipande cha buluu. Nikamwambia pole. Akasema, "Pole ni ya hao," akaonyesha nyumba, akaendelea na kazi yake.

Ilinichukua karibu mwaka kurudi. Nilikwenda asubuhi, nikaketi kwenye benchi lake, nikamweleza kila kitu tangu mwanzo: nilivyobonyeza, kwa nini, ilivyohesabiwa. Alisikiliza huku anasukuma chapati. Alipofika kuelewa kwamba aliandikwa kama mtu anayetaka maji, aliacha kusukuma, akaniomba nirudie. Nikarudia. Hakucheka, nilidhani angecheka. Aliuliza tu, "Na hukuweza kurudi uniambie?"

"Ningeweza."

"Ungekuja tu uniambie wamekataa. Ningewaambia wale wa nyuma wahamishe vitu mapema."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Muda wote nilikuwa nikifikiri jibu ni kwa ajili ya heshima yake, kumbe lilikuwa na matumizi. Mtu akijua kwamba neno lake limeshindwa anaweza kupanga. Anapanga na majirani, anainua godoro, anachimba mfereji wake mdogo na jembe la kuazima. Kimya chetu ndicho kilichowafanya wangoje.

Aliniambia wiki iliyotangulia vijana wengine walikuwa wamekuja na simu zao kubwa. Mradi mwingine, safari hii ni wa soko.

"Ukawaambia nini?"

"Kila kitu. Nitafanyaje? Mtu akiniuliza najibu."

"Na ulisaini?"

Alipangusa mikono kwenye aproni, akatoa simu, akanionyesha picha. Ilikuwa picha ya karatasi ya mahudhurio, ile ile ya safu nne. Jina lake, nambari, simu. Kwenye safu ya sahihi alikuwa amemwita binti yake wa gredi ya saba amwandikie, kwa herufi za kubana ili zitoshe kwenye kisanduku: Nimekuja. Sijakubali. Kisha chini yake sahihi.

"Yule kijana alisema nimeharibu karatasi," akaniambia. "Akaenda kutafuta ingine."

"Ukasaini hiyo ingine?"

"Nilimwambia alete. Nitaiharibu pia."